Tarangire au Ruaha? Kwa anayeanzia safari Dodoma

Barabara ya zamani ya kutoka Cape kwenda Cairo inapita katikati ya mji wetu wa Dodoma. Ukiishika kuelekea kaskazini unapita Kondoa na Babati, na baada ya kilomita kama 320 uko njia panda ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Ukiishika kuelekea kusini unavuka bwawa la Mtera, unapanda milima ya Nyang'oro, unafika Iringa kwenye kilomita 260 hivi, kisha unaiacha barabara kuu na kukata magharibi kilomita nyingine 130 hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Barabara ni moja, hifadhi ni mbili, sisi tuko katikati. Ndiyo maana jirani yangu wa Ilazo aliponiuliza mwaka huu, "Watoto wangu watatu hawajawahi kumwona tembo kwa macho, niwapeleke wapi?" nilishindwa kumjibu pale pale getini kwake. Nilimwambia anipe siku mbili.

Kote nimekwenda zaidi ya mara moja: kwa gari langu, kwa gari la kukodi, na safari moja kwa kosta tuliyochangishana kazini. Hukumu yangu naiweka mwanzoni. Kinachoamua ni mara ngapi unaweza kulala nje ya nyumba yako. Ukiwa na nafasi ya kulala mara moja au mbili, nenda Tarangire. Ukiweza kulala mara tatu au zaidi, nenda Ruaha, wala usisite.

Njia yenyewe

Kwenda kaskazini ni lami mwanzo hadi mwisho. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na aliyeanza kuishi Dodoma baada ya hapo hajui ilivyokuwa: masika, mtu wa hapa aliyekuwa anakwenda Arusha alizungukia Singida au Chalinze. Leo unaondoka Ijumaa mchana, unalala Babati, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi umeshaanza safari ya saa moja hadi getini. Unaingia wakati simba bado hajatafuta kivuli. Jumapili jioni uko nyumbani unaandaa sare za shule.

Njiani kuna Kolo, penye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kupanda ni kukali na jua la saa sita halina huruma, lakini mtoto aliyeona mnyama amechorwa juu ya jiwe kwa rangi nyekundu, na watu wa kale kabisa, halafu kesho yake akamwona mnyama huyo akitembea, hatasahau. Mwanangu wa kike alinyamaza njia nzima kutoka Kolo hadi Bereko. Nilidhani anaumwa. Kumbe alikuwa anafikiri.

Kusini ni habari nyingine. Hadi Iringa lami ni nzuri, na Mtera utasimama tu, kwa ajili ya perege na kambale wanaouzwa kando ya barabara. Lakini kipande cha kutoka Iringa hadi hifadhini, kila nilipokipita, kilikuwa cha vumbi, chenye mawimbi kama bati, na kilinila kati ya saa mbili na nusu na tatu. Fanya hesabu. Ukilala Iringa Ijumaa na kuondoka alfajiri, unaingia hifadhini saa tatu au nne asubuhi, jua limeshapanda na wanyama wakubwa wamejilaza. Umepoteza asubuhi ya kwanza. Ukitaka kuwa nyumbani Jumapili, asubuhi ya pili nayo inaishia kwenye kufunga mizigo. Watu waliokwenda Ruaha kwa wikendi moja wanarudi wakisema "hamna kitu kule", na mimi huwa nasikitika sana nikisikia hivyo, kwa sababu kitu kipo, na ni kingi. Wao ndio hawakukipa muda.

Fursa ya njia ya kusini ni Kalenga, kilomita chache tu nje ya Iringa na karibu kabisa na njia ya kwenda hifadhini. Hapo pana makumbusho ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na beba makoti. Iringa ya Juni na Julai inawatesa watoto waliozoea joto la Dodoma.

Utakachokiona

Hapa ndipo ukubwa unapoingia. Tarangire ina kilomita za mraba 2,850. Ruaha, tangu ilipounganishwa na bonde la Usangu mwaka 2008, ina kama 20,000. Ni mara saba. Mtu anadhani kubwa ndiyo yenye wanyama wengi wa kuona, lakini kwa anayetazama dirishani mambo huenda kinyume: Tarangire wanyama wanakusanyika, Ruaha unawatafuta.

Siri ya Tarangire ni mto wake. Kiangazi kikikolea, kuanzia Julai hadi Oktoba, mabwawa na vijito vya nyika za jirani vinakauka, na mto Tarangire unabaki na maji. Nyumbu na pundamilia waliokuwa uwanda wa Simanjiro, nje ya hifadhi, wakila nyasi changa na kuzaa wanarudi mtoni. Tembo wanakuja makundi kwa makundi. Mwezi wa Septemba tulisimama juu ya kilima kimoja tukawa tunahesabu tembo waliokuwa wanashuka kunywa. Watoto walifika sitini na kitu wakaanza kubishana kama yule mdogo aliyejificha chini ya tumbo la mama yake wameshamhesabu au la. Nyuma yao mibuyu, mingi, minene, mingine tembo wameichimba magome kwa pembe zao hadi katikati. Kwa mtoto wa Ugogoni mbuyu si kitu kigeni, anakula ubuyu tangu anaota meno. Kumwona tembo akiula mti wenyewe ndilo jambo.

Ruaha nayo ina mibuyu na tembo, lakini tembo wake wana tabia tofauti. Kati ya 2009 na 2014 Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya tembo wake kwa ujangili, kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000, na upande huu wa kusini uliumia mno. Mzee aliyetuongoza alizima gari mbali na jike mmoja mwenye ndama, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu anatukumbuka." Tukasubiri robo saa, hadi aliposhusha masikio. Tarangire tembo anapita ubavuni mwa gari kama ng'ombe wa jirani. Kwa watoto wadogo hilo ni jambo zuri. Kwangu mimi, ile robo saa ya Ruaha ilinifundisha zaidi.

Na simba. Eneo la Ruaha na mapori yanayolizunguka ni miongoni mwa ngome kubwa za simba zilizobaki duniani. Tarangire simba wapo, utawaona ukiwa na bahati ya wastani. Ruaha, ukilala mara tatu na kuamka mapema, ningeshangaa usipowaona. Mbwa mwitu pia ni wa Ruaha zaidi, ingawa hakuna wa kukuahidi. Halafu kuna swala wakubwa ambao wengi wetu tunawajua kwa majina tu: tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala, korongo. Ruaha iko mahali ambapo nyika ya mashariki inakutana na miombo ya kusini, ndiyo maana jamii hizo zote zinapatikana ndani ya hifadhi moja. Tarangire inajibu kwa choroa na swala twiga, ambao Ruaha hawapo, na kwa chatu wanaopanda miti karibu na kinamasi cha Silale. Ndege ni wengi kote. Anayewafuata ndege hahitaji ushauri wangu, anajua anachotafuta.

Kifaru usimtarajie Tarangire wala Ruaha. Kama ni yeye unayemtaka, panga Ngorongoro, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Kuna jambo moja la Ruaha ambalo kwa mtu wa Dodoma lina uzito wa pekee. Mto Ruaha Mkuu unapita hifadhini kisha unamwaga Mtera, na maji hayo hayo yanazungusha mitambo ya Mtera na baadaye Kidatu. Umeme wa majumbani mwetu kwa miaka mingi umetokana na mto huo. Tangu mwaka 1993 mto huo, uliokuwa hautikisiki kwa ukame, umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi, kwa sehemu kubwa kwa sababu maji yake yanachepushwa juu kule Usangu kwa mashamba ya mpunga. Oktoba utaona viboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope, mamba pembeni yao, na tembo wakichimba mchanga wa mto Mwagusi kwa miguu na mikonga hadi maji safi yachuruzike. Ni picha ya kustaajabisha, na inauma. Mwanangu mkubwa aliniuliza kama wali tunaokula nyumbani ndio unakausha mto. Nikamwambia ukweli kwamba kwa sehemu, ndiyo.

Magari mengine

Tarangire iko kwenye njia ya watalii wa kaskazini. Agosti utakuta magari kumi yamemzunguka chui mmoja juu ya mti. Wapo wanaokereka. Lakini kwa mtu anayejiendesha mwenyewe, msongamano huo ni msaada: madereva wa watalii wana redio za upepo, wanapeana habari, na ukiona vumbi la magari matatu yanaelekea upande mmoja, yafuate. Ruaha unaweza kuendesha saa nzima bila kuona gari lolote. Uzuri wake ni huo, na hatari yake pia, kwa sababu ukikwama hakuna wa kukuvuta, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Kwa hiyo Ruaha naomba mwongozaji au askari wa hifadhi apande gari lako. Utamlipa, na atakulipa wewe kwa macho yake.

Msimu, na kalenda ya shule

Shida ya sisi wazazi ni kwamba watoto wanafunga shule Juni na Desemba, na wanyama hawana kalenda hiyo. Juni mwishoni panafaa kote, ingawa nyasi bado ni ndefu na simba akilala humwoni. Desemba ndiyo mtego. Mvua za kwanza zikishanyesha, nyumbu na pundamilia wa Tarangire wanaondoka kurudi Simanjiro, na anayekwenda Januari au Februari akitarajia picha za Septemba atarudi na picha za mibuyu. Ruaha mvua ni kama zetu za Dodoma, Desemba hadi Aprili. Wanyama wanatawanyika kwa sababu kila bonde lina maji, na barabara za ndani zinageuka utelezi.

Niliwahi kwenda Ruaha mwezi Machi, kwa ubishi. Tulikwama kwenye udongo mweusi kuanzia saa nane mchana hadi karibu na magharibi. Mkulima wa huku anauita udongo huo mbuga, jina lile lile la mbuga za wanyama, na baada ya siku ile nilielewa kwa nini. Ulikuwa uzembe wangu. Tulikuwa tumeonywa getini.

Kwa hiyo tafuta sikukuu za kiangazi: Saba Saba, Nane Nane, na Oktoba 14, Siku ya Nyerere. Zikiangukia Ijumaa au Jumatatu, una siku tatu bila kuomba ruhusa kazini. Nane Nane kwa Tarangire ni bora mno. Oktoba 14 ni ya Ruaha, ukiongezea siku mbili za likizo. Ni joto kali, lakini maji yako mahali pachache na kila kiumbe kinakuja hapo.

Mbung'o wapo kote, zaidi penye vichaka. Nguo za bluu na nyeusi zinawavuta, kwa hiyo sare ya shule ya bluu iache nyumbani. Vaa kaki, kijivu, rangi ya majani makavu.

Mfuko

Raia analipa kiingilio kwa shilingi, na kwake si kitu kinachovunja mpango. Beba kitambulisho cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa kwa mtoto ambaye umri wake unaweza kuleta maswali. Walio chini ya miaka 5 hawalipi. Noti getini hazipokelewi. Ni kadi au namba ya malipo kwa simu, kwa hiyo weka pesa kwenye simu ukiwa bado mjini.

Kinachokula ni gari. Chukua mfano wa gari la dizeli linalotumia lita 12 kwa kilomita 100. Tarangire, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya ndani, weka kilomita 760: lita kama 91. Ruaha weka 980, kwa sababu ndani unazunguka zaidi: lita kama 118. Tofauti ni lita 27 tu. Watu wanadhani Ruaha ni ghali kwa mafuta. Ughali wake ni siku za kulala na matairi. Jaza tangi Iringa, beba tairi la akiba lenye upepo wa kweli, na ukipima upepo usipime la mbele tu.

Noah Tarangire kiangazi inaingia, kwa barabara kuu za ndani, ukienda taratibu. Ruaha nisingeipeleka, kwa sababu ya mawe na mchanga wa kuvukia makorongo. Kosta tuliyokwenda nayo kazini ilitufaa Tarangire. Watu ishirini na tano waliona tembo, twiga, nyati na simba wawili ndani ya siku moja, na kila mmoja alilipa pesa ambayo angeweza kuitumia kwenye sherehe ya jioni moja.

Kulala, nje ya mageti kote kuna nyumba za bei ya kawaida: Babati mjini kwa Tarangire, na kijiji cha Tungamalenga kwa Ruaha. Lakini Ruaha kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe, ndani kabisa ya hifadhi, karibu na mto. Lala hapo. Usiku wa kwanza simba akinguruma hutajua ni mbali kiasi gani, watoto watakuja wote kitandani kwenu, na asubuhi uko tayari mahali pake bila kukimbizana na geti. Ukiweza kupata nafasi, hilo peke yake linaigeuza hesabu ya Ruaha.

Asiye na gari

Huyu nisingempeleka kaskazini wala kusini. Panda treni ya SGR hadi Morogoro, ambayo kwetu ilianza kazi 2024, halafu basi la kuelekea Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kilomita za mraba 3,230, imepasuliwa na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia kwa urefu wa kilomita 50, hata abiria wa basi anaona swala na twiga bila kulipa. Kwa kuingia ndani utakodi gari Morogoro au Mikumi mjini kwa siku moja, mkachangia watu watano. Uwanda wa Mkata uko wazi, wanyama wanaonekana mwaka mzima, na bwawa la viboko haliko mbali na geti. Kwa Desemba, shule zikifungwa, Mikumi ndiyo jibu langu hata kwa mwenye gari.

Watu huniuliza kuhusu Swagaswaga, kwa kuwa iko ndani ya mkoa wetu, na Mkungunero inayopakana na Tarangire kwa kusini. Hayo ni mapori ya akiba, mpangilio wake ni tofauti na hifadhi za taifa, na kwa familia inayotafuta siku yake ya kwanza ya kuona wanyama sishauri kuanzia hapo. Lakini yana maana kubwa. Tembo hupita humo wakienda na kurudi, na wakulima wa Kondoa na Chemba wanawaona mashambani mwao usiku, wakikanyaga mahindi na uwele. Wao ndio wanaolipa gharama ya sisi kupata tembo wa kwenda kutazama. Jina la mji wetu lenyewe, Idodomya, Wagogo wanasimulia, ni mahali alipodidimia tembo. Mbali sana hawajawahi kuwa.

Jirani yangu wa Ilazo nilimrudia siku ya tatu. Watoto wake wana miaka 4, 7 na 10, ana Noah, na mume wake anapata likizo kwa shida. Nikamwambia: Tarangire, Nane Nane. Lala Babati, simameni Kolo mnapokwenda, maana kurudi mtakuwa mmechoka. Mkifika mtoni, zima gari mkae saa nzima mahali pamoja, hata kama watoto wanasema twende. Ruaha wasubiri yule mdogo afikishe miaka 7 au 8, waazime gari la juu, waombe banda Msembe mapema.

Amekubali. Ameniuliza kitu kimoja tu, kama ninayo darubini ya kumwazima. Ninayo, na nimempa.